Constitution Hill, Johannesburg: nenda, ila usiishie kwenye seli

Kama uko Joburg na una nusu siku, achana na mambo ya mall, nenda Constitution Hill pale Braamfontein. Ni gereza la zamani, na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini imejengwa humohumo kwenye kiwanja chake. Wengi wanaenda kisa Mandela na Gandhi walifungwa pale, wanapiga picha za seli haooo, ila hapo wameona nusu tu.

Seli nazo uzione lakini. Upande wa Number Four ulikuwa wa wanaume weusi, na pale uani ndo walikuwa wanavuliwa nguo wanarushwarushwa uchi mbele ya askari wakaguliwe kama wameficha kitu, walikuwa wanaita tausa. Chakula kiligawiwa kwa rangi, mzungu chake, mhindi chake, mweusi chake, tena kwa maandishi kabisa! Jamani.

Ukitoka hapo ingia mahakamani. Jengo la mahabusu walilibomoa, matofali yake wakajengea mahakama, ngazi zake wakaziacha zimesimama vilevile. Mlango umechongwa haki zote 27 za kwenye katiba yao. Majaji ni 11, meza yao imefunikwa ngozi za ng'ombe, kila jaji na ngozi yake na mabaka yake, na nyuma yao kuna dirisha refu jembamba lililo usawa wa ardhi ya nje, yaani ukikaa unaona miguu ya wapita njia juu ya vichwa vya majaji, hiyo niliipenda sana.

Ila kilichonikosha zaidi ni utaratibu wenyewe. Wakati wanatoka kwenye ubaguzi hakuna aliyemwamini mwenzake, wazungu waliogopa walio wengi wataandika wanachotaka, ANC, chama cha Mandela, nao wakakataa katiba iandikwe na watu wasiochaguliwa, basi wakakubaliana katiba ya muda kwanza, 1993, ndani yake kanuni 34, halafu uchaguzi 1994, halafu bunge lililochaguliwa liandike katiba yenyewe na mahakama ikague kama kanuni zimefuatwa. Na mahakama ikaigomea! Septemba 1996, rais ni Mandela, majaji kawateua yeye, wakarudisha rasimu ikarekebishwe. Desemba ndo ikapita, Mandela akasaini pale mji wa Sharpeville tarehe 10. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ikampa Zuma, rais wao wa zamani, miezi 15 jela kwa kudharau amri yake.

Wabongo tumo pia, maana walipofuta adhabu ya kifo 1995 majaji waliipitia hukumu ya Mahakama ya Rufani yetu ya mwaka huohuo, iliyosema kunyonga ni ukatili ila ikaiacha adhabu ibaki. Wao wakaifuta.

Nyota 5. Chukua ya kutembezwa na mwenyeji, usizunguke mwenyewe, na kama ni Juni au Julai beba jaketi la maana, baridi ya kule sio mchezo. Ulizia na kama kuna kesi siku hiyo, mtu yeyote anaruhusiwa kukaa kusikiliza.