Wexford Wildfowl Reserve: mnara mzuri, teleskopu njoo nayo

Anayesaka ndege adimu wa majira ya baridi Ayalandi aanzie North Slob, mashamba yenye hifadhi hii ya ndege ya Wexford. Kiingilio hakuna. Mashamba haya yako chini ya usawa wa bahari na ni tambarare kabisa, hivyo kutoka mnarani unaona mbali. Shida ni kwamba ndege nao wako mbali. Darubini ya macho mawili ya 8x42 (hukuza mara 8) inatosha kuliona kundi, haitoshi kulichambua. Beba teleskopu ya kukuza mara 20 hadi 60 na stendi nzito; upepo wa huku hauna masihara.

Wengi ni mabata bukini wa Greenland: paji jeupe, mdomo wa rangi ya chungwa, mabaka meusi tumboni. Bukini adimu wa aina nyingine hujichanganya humo. Bukini wa miguu ya waridi ana kichwa cheusicheusi na mdomo mfupi. Wanaopotosha watu ni makinda wa Greenland, maana hawajaota paji jeupe wala mabaka, na nyasi huficha miguu. Subiri atembee. Ukiona mweupe, usishangilie kwanza, huenda ni bata maji. Bukini wa theluji ana ncha nyeusi za mbawa, na utaziona vizuri akiruka.