Kitalu cha miche kule Hindi: ndimu chukua, papai waachie

Wengi wanaopita uani kwangu Langoni, kisiwani Lamu, huuliza ndimu hizi miche yake nimeitoa wapi, basi naandika hapa yaishe. Imetoka Lamu bara, kwenye kitalu kimoja cha barabarani kule Hindi. Ukishuka botini Mokowe unachukua bodaboda, na hukipiti bila kukiona: banda la makuti, mapipa ya maji yamepangwa mbele, na mzee mwenye kofia ya ukindu ambaye hana haraka na mteja.

Hiyo taratibu yake inawaudhi watu. Mimi ndiyo inayonirudisha. Nilimwendea kwanza mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, nikataka miche ya ndimu ya kujaza ukuta wa nyuma. Akaniuliza, "Maji yako ni ya wapi, mama? Ya mfereji au ya kisima?" Nikamwambia ya kisima, tena yana chumvi kidogo. Akakataa kuniuzia! Akasema nirudi masika yakishaingia, na nije na chupa ya maji hayo ayaonje. Nikarudi botini nimenuna.

Kumbe alikuwa akijua alisemalo. Mndimu na mchungwa ni miti isiyopatana na chumvi kabisa. Kingo za majani huanza kukauka rangi ya kahawia, kisha majani yanapukutika, na mche mchanga ukipigwa na jua la kaskazi juu ya maji ya chumvi haufiki Aprili. Nilipompelekea ile chupa akaonja, akatema, akasema haya, yanavumilika. Masharti yake: nikinge maji ya mvua ya paa niyaweke kwa ajili ya kiangazi, na siku nikitumia ya kisima nimwage mengi kwa mara moja, yazame, yaisukume chumvi chini ya mizizi. Kurashiarashia kila jioni, alisema, ni kuipandisha chumvi juu kwa mikono yako mwenyewe. Mkomamanga ungestahimili zaidi, akaongeza, lakini mimi nataka ndimu za achari.

Miche yenyewe ni safi. Mndimu shilingi 200, mwembe wa aina ya epo 250, ghali kuliko ile inayotembezwa sokoni, lakini ya sokoni mingine imefungwa nailoni tu na haikubebeshwa chochote, yaani haikuunganishwa kikonyo cha mti mwingine juu ya shina. Kwa huyu mzee unakiona kiungo: kovu la mshazari, gome la chini rangi moja na la juu rangi nyingine. Chini ni mlimau wa kienyeji wenye ganda la vinundu, juu ndiyo ndimu. Alipasua mfuko mmoja mbele yangu bila kuombwa nione mizizi haijajizungusha chini. Akanionya kila chipukizi litakalotoka chini ya kiungo nilikate, la sivyo miaka itapita nikimlea mlimau wake badala ya ndimu zangu. Na kiungo kisifukiwe.

Muda pia alinitajia bila kuupamba. Ndimu mwaka wa pili au wa tatu, embe wa tatu au wa nne, na maua ya kwanza ya mwembe niyang'oe ili mti ujenge shina. Niliyang'oa. Jirani yangu alisimama mlangoni akaniona, akadhani nimerukwa na akili.

Mbolea hauzi. Alicheka nilipomuuliza: mtu wa Lamu anakuja bara kutafuta samadi, na punda wamejaa mji mzima? Nikaagiza kwa kijana mwenye punda, akaniletea shogi kwa shogi. Hapo ndipo kazi ilipo, wenzangu. Samadi mbichi ya punda huunguza mizizi, halafu punda hacheui, kwa hiyo mbegu za nyasi hupita tumboni nzima nzima na zote zitaota penye mti wako. Irundike, ilowanishe, ifunike, igeuze, uigeuze tena, mpaka ukitia mkono ndani husikii moto wala harufu. Majirani watasema maneno. Wangu walisema, sasa wanatuma watoto kuomba ndimu.

Huduma baada ya kununua pia ipo. Niliona kwenye majani kitu nikadhani ni mavi ya ndege, na kila siku majani yanapungua. Nikampigia. Akaniambia ni kiwavi mchanga wa kipepeo, hujifanya kinyesi ndege wasimle, akikua anageuka kijani. Nisinunue dawa, niwatoe kwa mkono asubuhi. Duka gani la pembejeo lingekujibu hivyo wakati dawa iko rafuni?

Sasa lawama. Papai zake sizitaki tena. Alinipa miche mizuri ya kunyooka, ikachanua, nikaona vishada virefu vinaning'inia: madume matupu. Mpapai wa mbegu hujui jinsia yake hadi utoe maua, hilo si kosa la mtu, lakini ndiyo sababu watu hupanda mitatu shimo moja na kung'oa baadaye. Aliniuzia mmoja mmoja kwa kila shimo na hakulitaja, yeye aliyenihubiria juu ya kila kitu kingine.

Miche ya mboga nayo usihangaike nayo. Nyanya na biringani hazivuki bahari salama, zinafika zimelala. Sia mbegu nyumbani, mchicha utaula ndani ya mwezi mmoja.

Jambo la mwisho ni ufungaji wake, ambao haupo. Anakupa miche mikononi, shauri yako. Botini maji ya bahari yanaruka, na majani machanga yakilowa chumvi yanaungua hata kabla hujafika gatini. Beba gunia lako, iweke katikati ya boti, na ukifika nyumbani ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha iache kivulini siku kadhaa kabla ya kuichimbia shimo.

Kwa ndimu na embe nampa nyota nne. Ya tano ataipata akinunua turubai.