Nililipia vipimo vya kelele za ndege kabla na baada ya kuziba nyumba

Kama unaishi chini ya njia ya ndege na unafikiria kuweka madirisha ya vioo viwili, lipia vipimo kwanza. Fundi atakwambia "utaona tofauti", na kweli utaiona, ila hutajua kama ndiyo uliyolipia.

Mtaalamu alikuja na maikrofoni mbili. Moja aliisimamisha nje mbele ya dirisha la chumba cha kulala, nyingine ndani, zote zikirekodi kwa pamoja. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Ndege hazifanani: hii inapita utosini, ile inakata kona mbali. Ukipima nje leo na ndani kesho, umelinganisha ndege, hujapima nyumba. Akazima friji na feni, akasubiri ndege za kutosha zipite, ndipo akatafuta wastani. Kipimo cha nje alikipunguza kidogo, maana maikrofoni iliyo karibu na ukuta huongezewa kama desibeli 3 (desibeli ni kizio cha ukubwa wa sauti) na sauti inayogonga ukuta na kurudi.

Kabla ya kazi, chumba kilikuwa kinakata desibeli 22 za kelele ya nje. Baada ya kazi, 30. Nane zinaonekana kiduchu, lakini kwa sikio la mtu, kupungua desibeli 10 ni kama kelele imekatwa nusu. Sasa ndege ikipaa naendelea kuongea na simu bila kupaza sauti.

Sebule ilikuwa na kisa chake. Kioo kipya, namba karibu zile zile. Jamaa akapitisha maikrofoni polepole kando ya ukuta, na ilipofika kwenye tundu la hewa juu ya dirisha, namba ikaruka. Hatukuliziba, maana hewa inahitajika. Fundi alifunga kasha lenye sponji na njia ya kona kona ndani yake. Hewa inapita, kelele inafia humo.

Kinachonikera ni ripoti. Inatoa namba moja tu, ya kipimo cha A, ambacho huzipunguzia uzito sauti nzito. Na muungurumo mzito ndio unaopenya ukuta kwa urahisi, ndio unaotikisa vikombe kabatini hadi leo! Nilipoomba jedwali la kila masafa, yaani namba ya kila aina ya sauti kuanzia nzito hadi nyembamba, wapimaji walinipa bila kinyongo, lakini lilipaswa kuwemo tangu mwanzo. Nawapa nyota nne. Ukiwaita, taja jedwali hilo mnapopatana bei.