Mwongozo wa "Paris kwa siku mbili": nimeona milango tu

Jamani, ngoja nitoe dukuduku. Juzijuzi nilipitia Paris, Jumatatu na Jumanne tu, kisha niendelee na safari. Nikanunua mwongozo wa mtandaoni wenye ratiba ya saa kwa saa, maana mwenye siku mbili hana muda wa kubahatisha.

Siku ya kwanza: jumba la makumbusho la Musée d'Orsay. Nimefika, kumefungwa. Jumatatu hawafungui. Nikajipoza, makosa ni ya binadamu. Siku ya pili: jumba jingine la makumbusho, Louvre. Louvre nayo Jumanne hufungwa! Nikabaki pale kwenye piramidi ya kioo kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Na kinachoniuma ni kwamba majumba hayo yametenganishwa na mto Seine tu, unavuka daraja umefika. Ningeanza na Louvre, kesho yake Orsay, ningeyaona yote mawili. Mstari mmoja wa siku za kufungwa ungetosha. Haupo! Upo ukurasa mzima wa kuusifia "mwanga wa jioni".

Nikamwandikia mwandishi, kwa adabu kabisa. Jibu lake: "Msafiri makini huangalia mwenyewe." Ehee! Sasa hela yangu ulichukua ya nini, ya mwanga wa jioni?

Haya, nakiri, nami ningeweza kuangalia. Kosa langu lipo. Ila huyu hata umbali hajui. Anakutoa mtaa wa Montmartre mpaka Mnara wa Eiffel kwa "dakika 15". Labda yeye ana mabawa. Mimi na metro, kubadilisha treni na kupanda ngazi, ilikaribia saa nzima, halafu ratiba ikataka nirudi tena nilikotoka. Mtu aliyeitembea njia hiyo kwa miguu yake hawezi kuandika hivyo.

Nilitaka kutoa nyota sifuri, lakini nisiwe mchoyo: kuna ukurasa wa vyoo vya barabarani, vile vya bure, na namna ya kusoma taa za mlangoni kujua kama kuna mtu ndani. Uliniokoa mara mbili. Aliyeuandika alikuwa amebanwa kweli, si wa kukaa mezani akibuni. Kwa huo pekee nampa nyota tatu.

Hapana, mbili. Nimelisoma tena lile jibu lake. Moja.

Ukurasa wa vyoo nimeuhifadhi kwenye simu. Mengine nimefuta.