Mafuta ya bunduki: nilinunua chupa saba, nimebaki na tatu

Ngoja nianze na aibu yangu kwanza. Wiki ya mwisho ya Novemba, kusini-mashariki mwa Minnesota, Marekani, saa moja na nusu asubuhi, nyuzi 8 za Farenhaiti yaani kama -13 za kwetu, niko juu ya mti nimevaa koti la rangi ya chungwa kama sheria ya huku inavyotaka, vidole havina habari, mara kulungu dume huyo anatokea hatua kama arobaini hivi, nikamlenga vizuri kabisa, nikavuta triga, ikasema tik. Basi. Tik tu. Mnyama akanitazama kama mtu aliyekuja kudai kodi akakuta sina hela, akaondoka zake taratibu wala hakukimbia.

Nikaelekeza mtutu chini mahali salama nikasubiri zaidi ya nusu dakika kama tulivyofundishwa darasani (huku kama umezaliwa baada ya 1979 huwindi bila cheti cha usalama wa silaha, mimi nilikaa darasa moja na watoto wa miaka kumi na mbili, wakanizidi maksi). Halafu nikatoa risasi, kuangalia fataki yake, ile ya kitakoni inayowasha baruti, imeguswa kidogo tu, kidoti kama cha kalamu. Nyumbani nikaifungua, mle ndani kwenye boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, mafuta yamekuwa kama uji wa jana. Pini ya kugongea ilikuwa inaogelea badala ya kugonga.

Kosa langu hilo, siyo la bunduki. Ile ni shotgani, Remington 870 geji 12, ya kukokota kwa mkono, muundo wa tangu 1950, chuma hicho hakina makuu. Shida ni mimi niliyeinunua nikaenda duka kubwa la vifaa vya uwindaji nikamwambia muuzaji nipe vya kusafishia, akanipa chupa saba. Saba jamani! Dawa ya masizi, dawa ya shaba, dawa ya plastiki, mafuta mepesi, mafuta mazito, grisi, na kopo la kupuliza la "kumalizia". Na mimi kwa ujinga wa mgeni nikapaka zote kwa zamu kama mtu anayejipodoa kwenda harusini.

Sasa nimeshatumia misimu minne, nimejaribu vingi, vingine nimevirudisha vingine viko gereji vinalainisha bawaba za mlango. Naandika kwa sababu kila Mswahili ninayemjua huku anayeanza kuwinda au kulenga shabaha ananiuliza swali lile lile, ninunue mafuta gani.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mwanzoni ni kwamba kuna kazi tatu tofauti hapa na watu wanazichanganya. Kuna kutoa uchafu, kuna kulainisha vyuma visisagane, na kuna kuzuia kutu. Kinachotoa uchafu vizuri mara nyingi ndicho kinachoondoa na mafuta yote, ukikiacha hapo chuma kinabaki uchi. Na kinachozuia kutu vizuri mara nyingi ni kizito, ukikijaza kwenye boliti kwenye baridi unapata tik yangu.

Kwa mtutu nimebaki na Hoppe's No. 9. Ni dawa ya zamani, ilianza 1903 na bwana mmoja Frank August Hoppe, na wazee wa huku wakinusa tu wanaanza hadithi za baba zao. Harufu yake ina kitu kama ndizi iliyoiva sana, ni kemikali ya amilo asetati ile, mke wangu hataki kabisa nifungulie ndani kwa hiyo nafanyia gereji mlango wazi, na kiukweli ndivyo inavyotakiwa maana mvuke wake siyo wa kuvuta. Namna ninavyotumia: nachovya kitambaa, napitisha toka nyuma kwenda mbele, naacha dakika kumi nakunywa chai (nje ya gereji, na mikono nimenawa, nitalirudia hili), halafu brashi ya shaba nyeusi mara kama kumi, halafu vitambaa vikavu mpaka kitoke safi. Kitambaa cha kwanza kinatoka cheusi kama sufuria ya kuni, cha tatu cha kijivu, cha tano unaweza kufutia miwani, basi nimesema tu usifutie. Vitambaa vyenyewe ni fulana kuukuu, vile vipande vya duara wanavyouza kwenye pakiti ni kununua fulana ya mtu mwingine kwa bei ya mpya.

Dawa ya shaba kwa shotgani usinunue. Ile ni ya raifo, ambayo risasi yake imevikwa shaba na inaacha shaba kwenye mifereji ya mtutu. Marisau ya shotgani yanatoka ndani ya kikombe cha plastiki, uchafu wako ni masizi ya baruti na plastiki iliyosuguliwa ukutani. Nyingi za zile dawa za shaba zina amonia kali, ukiiacha muda mrefu au ukiigusisha chuma kilichopakwa nikeli unaweza kukiharibu. Mimi niliuziwa ya dola kumi na kitu kwa kazi ambayo bunduki yangu haina. Ilirudi dukani na risiti.

Kwa kulainisha nina kichupa cha Break-Free CLP. Hizo herufi tatu maana yake inasafisha, inalainisha, inahifadhi, na jeshi la Marekani limetumia aina hii kwa miongo mingi kwa hiyo siyo kitu cha kubahatisha. Kama unataka chupa MOJA tu na hutaki stori ndefu, nunua CLP uende nyumbani. Haisafishi mtutu haraka kama Hoppe's na haikai juu ya chuma muda mrefu kama vile vya kutunzia, lakini kila kazi inaipata, ni kama yule fundi wa mtaani anayeziba bomba, anachomelea geti na kurekebisha redio. Tikisa kwanza kabla ya kutumia. Na ni tone, siyo kumwaga! Kwenye 870 naweka tone moja kwenye kila reli ambapo chuma kinateleza juu ya chuma, nakokota mara kadhaa isambae, halafu nafuta. Ukishafuta ukapitisha kidole kikateleza kidogo bila kuacha alama, hapo imetosha. Ndani ya boliti kwenye pini sasa hivi kabla ya baridi nafuta pakavu karibu kabisa.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, Ballistol. Ya Kijerumani, ilitengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya jeshi lao, walitaka kitu kimoja cha kupaka chuma, mbao na vifaa vya ngozi vya askari. Na kweli napaka mtutu nje, nafuta kitako cha mbao, nafuta na mkanda wa ngozi, hakuna kilichoharibika. Ukiichanganya na maji inakuwa nyeupe kama tui la nazi la pili, na watu wenye bunduki za zamani kama Mosin-Nagant, raifo ya jeshi la Urusi, wanaipendea hilo, kwa sababu risasi za kijeshi za zamani zinaacha chumvi ndani ya mtutu na chumvi haitoki kwa mafuta, inatoka kwa maji. Kasoro ni harufu. Wengine wanasema inanukia dawa ya kifua ya watoto, mimi nasema ni soksi iliyolala karibu na pipi ya anisi. Ukiitumia leo kesho bado unajua ipo.

WD-40 najua mtauliza. Kila nyumba ipo, hata kwetu fundi baiskeli anayo. Jina lake lenyewe linakwambia kazi yake, ni kufukuza maji, fomula ya jaribio la arobaini, 1953 kule San Diego, na kazi ya mwanzo ilikuwa kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas. Kwa hiyo kama umenyeshewa mvua porini, puliza, fukuza maji, sawa kabisa, lakini ukifika nyumbani ifute uweke mafuta ya kweli. Kama kilainishi cha kudumu haifai, inakauka mapema. Ndiyo maana hiyo yangu iko kwenye bawaba.

Kuna moja ya "asilia, ya mimea" jina silitaji, nilipaka kama maelekezo yalivyosema, nikaipasha moto, nikaifuta, miezi mitatu kabatini nikaikuta imeganda ya njano kama nta ya nyuki. Labda nilizidisha, labda siyo. Sirudii.

Halafu kutu. Mimi ni mtu wa Tanga, kutu naijua tangu utoto, baiskeli mpya ukiilaza nje Raskazone wiki mbili inazeeka. Nikadhani huku bara kwenye barafu nimepona. Thubutu. Huku kutu inatokea sebuleni. Unatoka na chuma chenye baridi ya kuganda unakiingiza nyumba yenye hita, kinatokwa jasho kote mpaka ndani ya mtutu, kama chupa ya soda. Kwa hiyo nikirudi naiacha ndani ya mkoba wake, zipu imefungwa, masaa kadhaa mpaka ipate joto la nyumba, ndipo naitoa naifuta na Ballistol. Msimu wa kwanza sikufanya hivyo, asubuhi nikakuta vumbi jekundu chini ya reli iliyo juu ya mtutu, nikahisi niko Tanga.

Ambalo silifanyii utani: kabla ya kugusa chupa yoyote, toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na uingize kidole gizani uhakikishe. Kila mara, hata kama umeitoa wewe mwenyewe dakika tano zilizopita. Na uchafu ule mweusi una madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo siyo juu ya meza ya kulia chakula, watoto mbali, na ukimaliza nawa kwa sabuni na maji ya baridi.

Mjomba wangu Muheza ana shotgani ya kibali ya kufukuzia nguruwe pori kwenye mihogo, ya mitutu miwili, ina umri kuliko mimi. Nikamwelezea haya yote kwa WhatsApp, dakika saba za sauti. Akajibu yeye anasafishia mafuta ya taa na kupaka mafuta ya cherehani. Nikataka kucheka, nikaenda kusoma karatasi ya usalama ya Hoppe's, nikakuta mafuta ya taa yamo kwenye orodha ya vilivyomo. Na mafuta ya cherehani ni mepesi na masafi, kwa joto la Muheza hayawezi kuganda, ila hayakai muda mrefu juu ya chuma na unyevu ule, nikamwambia afute upya kila wiki. Akasema anafanya hivyo toka 1988. Akaomba nimtumie hiyo ya ndizi, nikamwambia mjomba, hiyo inawaka moto, kwenye ndege hawaipokei hata kwenye begi la chini. Mkaza mjomba akadakia kwa nyuma, nikamsikia kabisa, anasema basi mtumie kichupa cha cherehani, maana chake kila siku anakikuta stoo kwenye bunduki.