Kiti cha choo kwa mzee asiyeweza kuchuchumaa: kagua miguu kabla ya kulipa

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo ninacho hiki hapa, kiti cha choo cha kukunja, mabomba ya alumini, kwa ajili ya mzee ambaye magoti yamechoka na choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa.

Niseme mapema, nakipenda. Mzee asiyeweza kuchuchumaa inabidi aite mtu amshike, tena chooni, mbele ya mwanawe au mkwewe. Wengi kwa aibu hiyo wanaacha kunywa maji tangu jioni ili wasiamke usiku, kisha kizunguzungu na choo kigumu vinawaandama. Kwa kiti hiki mzee anaingia mwenyewe na kufunga mlango mwenyewe. Ila komeo asitie, jamani, aurudishie tu.

Sogeeni muone miguu. Kila mguu una vitundu na kitufe cha chuma. Unabonyeza, unavuta, tak! Kimeingia kitundu cha pili. Miguu yote minne iwe kitundu kile kile, mmoja ukipishana kiti kinacheza. Urefu mzuri ni ule ambao mzee akikaa nyayo zote zinakanyaga chini na magoti hayazidi nyonga. Kikiwa kifupi, kuinuka ni mateso.

Haya, geuza kiti. Raba hizi bonyeza kwa ukucha: ziwe laini, zenye mifereji. Zile ngumu kama plastiki zinateleza kwenye marumaru yenye maji ya sabuni. Nalikazania hili kwa sababu Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 684,000 kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye miaka 60 kwenda juu. Mifereji ikishalika, nunua raba nyingine.

Mchana toa ndoo, weka kiti juu ya tundu la choo. Usiku rudisha ndoo na maji kidogo ndani, kiti kikae karibu na kitanda. Kasoro yake ipo hapa: bila ndoo, uchafu unaruka pembeni, na mfuniko haubani vizuri, harufu inatoka.

Kwa mzee aliyepata kiharusi, anayeegemea upande mmoja, cha kukunja sikishauri. Mtafutie kisichokunjwa, kipana chini, chenye mikono imara. Na kibandiko cha uzito kisomeni. Kama hakipo na muuzaji hajui, acheni.

Hela haitoshi? Fundi seremala anaweza kukutengenezea cha mbao, akipige msasa vizuri na rangi ya mafuta. Lakini kile kiti cha plastiki cha kukalia barazani msikitoboe tundu, nawaomba sana. Miguu yake inatanuka kwenye sakafu yenye maji, na mzee anakwenda nacho chini.

Niandikieni hapo chini choo chenu kina sakafu gani, saruji au marumaru, na mzee anatumia mkono gani kuinukia. Nitawajibu mmoja mmoja.