Maiki gani ununue kwanza ukirekodi nyumbani Lamu

Ukitaka kurekodi kasida, ud au simulizi nyumbani kwako Lamu, usianze na maiki ya kondensa, ile isiyofanya kazi bila umeme. Najua ndiyo inayosifiwa kwenye video za mafunzo, na ni kweli inanasa sauti kwa undani. Lakini wengi wanaoisifu wamekaa kwenye vyumba vikavu vyenye madirisha ya vioo. Sisi madirisha yetu ni ya mbao, uchochoro ni mwembamba kiasi kwamba punda akilia nje ni kama yumo chumbani, na upepo wa bahari huleta chumvi mpaka kabatini. Orodha hii nimeipanga kwa kuangalia hayo kwanza, bei baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa maiki ya dainamiki ya kebo, na hapo Shure SM58 bado sijaona ya kuipiku. Imekuwa sokoni tangu 1966. Ndani yake mna koili ndogo ya waya inayotikisika kwenye sumaku, basi. Haihitaji umeme wa kuiamsha, na unyevu hauisumbui sana. Tena imeundwa kuimbiwa kwa karibu. Iweke vidole vinne kutoka mdomoni. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda takriban desibeli 6, kwa hiyo ukisogea kutoka sentimita 20 hadi 5 umejipatia desibeli 12, huku jenereta ya jirani ikibaki palepale ilipokuwa. (Adhana ni jambo jingine. Ikianza, weka maiki chini ungoje imalizike.) Ukiwa karibu hivyo sauti huwa nzito chini; wasomaji wa kasida wengi huipenda, ila ikizidi rudi nyuma kidogo.

Kasoro yake utaiona kwenye ud. Ile mparuzo nyepesi ya risha juu ya nyuzi haitoki sawasawa, utasikia tumbo la chombo zaidi ya nyuzi.

Bandia za SM58 ni nyingi mno. Halisi ina uzito wa gramu 298, kwa hiyo ipime kwa mizani ya duka lolote la vyakula. Marekani inauzwa karibu dola 100. Ukiambiwa ni halisi na bei ni robo ya hiyo, acha. Mfuko ukiwa mwepesi, afadhali ununue Behringer XM8500 ya kweli kuliko Shure ya uongo.

Ya pili ni Samson Q2U. Nayo ni dainamiki, lakini ina matundu mawili: la USB linaloingia moja kwa moja kwenye kompyuta, na la kebo ya kawaida kwa siku utakapopata kadi ya sauti, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta. Kwa anayesimulia hadithi au anayesoma kasida peke yake, hii yaweza kumtosha miaka. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: huwezi kumwongeza mpiga ud pembeni bila kununua vifaa vingine.

Kondensa, kwa mfano AT2020 ya Audio-Technica, iwe ya tatu, na uinunue ukiwa tayari na chumba kilichotulia. Inahitaji volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti. Ndani yake mna utando mwembamba sana uliokaa karibu mno na bamba la chuma, kati yao pana chaji ya umeme. Unyevu ukiingia, chaji huvuja. Msimu mmoja wa kusi mtoto wa ndugu yangu aliiacha yake wiki mbili kwenye stendi karibu na dirisha, huku mtaa wa Mkomani. Akaniita: "Ami, njoo usikilize, maiki inakaanga samaki." Nikavaa hedifoni, na kweli, chrrr, prrt, chrrr, kama kikaango. Tuliitia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kukaushia vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Tukaiacha siku mbili. Ikarudi safi. Tangu hapo hulala ndani ya kopo kila usiku. Mchele usiutumie, vumbi lake ni balaa jingine.

Na kabla hujaipeleka kwa fundi ukidhani ni mbovu: AT2020 husikia kwa ubavuni, upande wenye nembo, si kwa kichwani. Nimekuta mtu akiiimbia juu kama SM58, analalamika sauti iko mbali.

Shure SM7B naiweka mwisho. Ni maiki nzuri, lakini bei yake ni kama ya SM58 nne, na sauti inayotoa ni ndogo; inataka ikuzwe kwa karibu desibeli 60. Kadi za bei nafuu zikisukumwa hadi huko huanza kuvuma.

Kadi ya sauti yenyewe, Focusrite Scarlett Solo inatosha. Behringer UMC22 ni ya bei ya chini na inafanya kazi. Rekodi kwa biti 24 kama kadi yako inaziweza (UMC22 inaishia 16), na usiruhusu kilele kipite desibeli 10 chini ya sifuri ya kipimo kwenye programu ya kurekodia. Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote, sauti isivuje ikarudi kwenye maiki.

Chumba kwetu tumebarikiwa nusu. Ukuta wa matumbawe ni mnene, unazuia kelele za nje vizuri, na ukuta wa vidaka hutawanya sauti vizuri. Ila lipu laini inarudisha mwangwi. Simamisha godoro nyuma yako unaposoma, maana maiki inatazama huko, tandika mikeka miwili, shusha pazia zito. Chumba cha kuelekea ua ni bora kuliko cha kuelekea Usita wa Mui, ile barabara kuu ya mji.

Ukisikia mvumo mzito usiokatika, chomoa chaja ya kompyuta utumie betri. Mvumo ukinyamaza, tatizo ni umeme: chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi, wala usikate pini ya ethi kwa vyovyote. Mvumo usiponyamaza, badilisha kebo. Sauti yako ikikuchelewa masikioni, punguza bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa) hadi sampuli 128, na kwenye Windows weka programu endeshi ya mtengenezaji wa kadi, kama ipo. La sivyo bonyeza kitufe cha kadi kinachokupa sauti moja kwa moja kabla haijapita kwenye kompyuta. Kondensa ikiwa kimya kabisa, tazama kama taa ya 48V inawaka.

Vifaa vingi tunavinunua Mombasa, na kurudisha ni safari ya basi na boti. Kwa hiyo nenda na hedifoni zako, iunganishe pale pale dukani, itikise kebo kwenye tundu huku ukisikiliza. Ikipita, ifunge kwa mfuko usiopitisha maji na uishike mapajani toka gati la Mokowe, bara, mpaka Amu, yaani Lamu mjini, isikae chini kwenye maji ya boti.